Can, must, will: 'also', 'always' na 'never' zinakaa wapi?

Mtoto wa Issuna, wilayani Ikungi mkoani Singida, akisoma shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote ni Kiingereza. Maneno mengi anayajua, ila kuyapanga ndiyo kazi.

Shida inaanzia kwenye Kiswahili chetu, maana kinaturuhusu kuhamisha neno. "Pia tunaweza kuuza alizeti", "tunaweza pia kuuza alizeti", "tunaweza kuuza alizeti pia": zote sawa. Kiingereza kinabana zaidi. Shika haya:

1. Kitenzi kisaidizi kwanza, kielezi katikati, kitenzi kikuu mwisho. "We can also sell sunflower oil." "You should always ask." "I will never forget."

2. Kwenye swali, mtendaji anaingia baada ya kisaidizi: "Can I also come?"

3. Usitenganishe kitenzi na kile kinachotendwa. Sisi tunasema "anaweza kuongea vizuri Kiingereza". Wao wanasema "She can speak English well", siyo "She can speak well English".

4. Baada ya can, must, should au will usiweke "to". Ni "I must go", siyo "I must to go". Na "I can be able to" ni kusema naweza mara mbili.

5. Angalia "probably". Ukikubali: "He will probably come." Ukikataa, inatangulia: "He probably won't come."

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu maana inabadilika. Chukua mtu yuko kwenye usaili wa kazi, anaulizwa kuhusu Jumapili. Kichwani ana "siku zote siwezi", akimaanisha kuna Jumapili anaweza na nyingine hawezi. Akijibu "I can't always work on Sundays", ameeleweka. Akisema "I can never work on Sundays", amekataa Jumapili zote, na kazi inaweza kwenda kwa mwingine.

Njia rahisi ya kuzoea: chukua sentensi tano unazosema kila siku zenye "naweza" au "lazima", ziandike kwa Kiingereza kwenye simu, halafu chomeka also, always au never mara tu baada ya kisaidizi. Zisome kwa sauti. Baada ya siku chache sikio litaanza kukataa lenyewe mpangilio mbovu.