Mbegu za Mwarobaini na Kikombe cha Mtoto

Leo tuzungumze juu ya mbegu za mwarobaini.

Hapa Kisumu na kandokando ya ziwa mti huu tunaujua. Husemwa unatibu maradhi arobaini, na ndipo jina lilipotoka. Mtoto akishikwa na homa usiku, wengine huponda mbegu, huzichemsha na kumnywesha. Je, ni salama?

Fikiria majani ya chai. Maji moto huyatoa rangi na ukali. Ndivyo yanavyofanya kwa mbegu pia. Lakini maji hayachagui: hutoa chenye faida na chenye sumu pamoja. Wala hayapimi: huwezi kujua kikombe kimebeba kiasi gani. Mbegu ya mwarobaini ina mafuta mengi. Mwaka 1981, madaktari wa Malaysia walieleza jinsi watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo walivyotapika, wakasinzia na kupata degedege. Dalili hizo hufanana na za malaria kali, kwa hiyo mama anaweza kudhani ni ugonjwa tu.

Tena moto huweza kuharibu dawa. Miaka ya 1970 mwanzoni, mtaalamu wa China, Tu Youyou, alitafuta dawa ya malaria katika mmea wa artemisia. Ulipochemshwa haikufaa, alipotumia njia isiyo na joto kali, ikapatikana. Dawa hiyo, ikiwa imepimwa sawasawa, ndiyo asili ya vidonge vya AL.

Kwa hiyo, mama:

1. Mtoto akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe damu. Usingoje kesho.

2. Akipewa AL, ammeze mara mbili kwa siku, kwa siku 3, pamoja na chakula au maziwa. Malizeni dozi hata akianza kucheza.

3. Aliye chini ya miezi 6 anyonye tu. Asipewe maji ya mitishamba.

4. Ikiwa ameshakunywa mwarobaini, mwambie daktari bila kuficha. Hilo litamsaidia kumtibu.

Mbegu usizitupe. Ponda kokwa nusu kilo, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji baridi, chuja, unyunyizie sukuma wiki jioni kufukuza wadudu. Weka mbali na watoto, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika.

Mbegu ni ya shamba. Kikombe cha mtoto kisiione. Kwaheri hadi kipindi kijacho.