Mbao Mbili Mbele ya Lango

Tangu greda la barabara lipite, mimi huingia nyumbani kwangu juu ya mbao mbili. Mtaro uliochimbwa mbele ya lango unanifika kifuani. Mbuzi wamejifunza kuruka, bodaboda haiwezi. Gunia la ndengu lililokuwa likipakiwa mlangoni sasa hubebwa begani hadi ng'ambo, na mbebaji analipwa.

Barabara naitaka, tena sana. Sisi wa Muthetheni, huku eneo bunge la Mwala, tukienda Machakos tunapitia Masii, na mvua za Oktoba hadi Disemba, zile tunazozitegemea kwa kilimo, ndizo zilizokuwa zikitukatia njia. Nimeona maembe yakioza yakingoja lori lililokwama.

Nilimwendea kijana mmoja wa kazi ya barabara, amevaa kofia ngumu, ameshika karatasi kubwa. "Mwanangu, mimi nitapitia wapi?" Akanijibu kwa heshima, "Mama, kivuko chako hakimo kwenye mchoro." Nililala na jibu hilo usiku kucha. Kulipokucha nikaanza kuuliza mchoro ni kitu gani.

Niliambiwa adui mkubwa wa barabara ni maji. Yakikaa chini ya lami, udongo hulainika, kisha magari humalizia. Ndiyo maana tuta la barabara huinuliwa, mgongo wake ukawekwa mwinamo, na mitaro ikachimbwa kando. Kila lango linalokatwa na mtaro linahitaji kalvati: bomba la saruji, mara nyingi la kipenyo cha sentimita 60, lililofukiwa na kushindiliwa hadi gari lipite juu. Idadi ya kalvati hizo huandikwa kwenye orodha ya kazi kabla kandarasi haijatiwa sahihi. Lango ambalo halikuhesabiwa siku hiyo halina fedha zake. Wengine hapa walijaza mtaro mawe na matawi wapate kupita. Mvua iliponyesha, maji yakaruka barabarani na kula ukingo wake.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Maji ya mtaro lazima yatokee mahali, na ya kwetu yameelekezwa shambani kwa jirani, yakapasua matuta yake mawili ya fanya juu. Tuta hilo hupatikana kwa kuchimba mtaro unaokingama mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili limesafiri hadi kwenye vitabu vya kilimo vya nchi za mbali, na milima yetu ya Machakos imejaa matuta hayo. Mama zetu waliyachimba kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, jirani kwa jirani, jembe kwa jembe. Kuyaona yamebomolewa kwa mvua moja kulinitoa machozi. Makueni, hapo tu jirani, wako wakulima wanaoyaongoza maji ya barabara hadi kwenye matuta na mashimo ya miti ya matunda. Maji ni yale yale.

Basi aulizwe nani? Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya vijijini. Katiba ya 2010 nayo ikaziachia kaunti barabara za kaunti. Mtu aanze kwa kujua barabara ni ya nani, maana barua iliyofika ofisi isiyohusika hulala huko. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, nayo ofisi itoe uamuzi ndani ya siku 21.

Jumamosi iliyopita tulitembea, sisi kina mama pamoja na mzee wa kijiji, kutoka sokoni hadi bondeni, tukiandika kila lango lililokatwa kwenye daftari la mjukuu wangu. Ukurasa wa mwisho tumechora mahali maji yanapolipasua shamba la jirani. Barua inakwenda Jumatatu. Nakala yetu sitaondoka nayo mpaka igongwe muhuri.