Panda Mwaka wa Kwanza, Ule Kabla Hujahitimu

Mmea wangu wa kwanza wa tunda la dragoni niliuua kwa maji. Nilikuwa mwaka wa kwanza, nimepanga geto lenye kibaraza kidogo, na kila jioni nikitoka darasani naumwagilia kama mchicha. Wiki ya nne shina likageuka njano, likalainika, likaoza. Mama mwenye nyumba akacheka: "Mwanangu, ulikuwa unaulea au unauzamisha?"

Kosa ni kwamba sikujua nimepanda nini. Tunda la dragoni, au pitaya, ni jamii ya kaktasi yenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Ila si kaktasi ya jangwani. Ni ya msituni, hupanda juu ya miti na kujishika kwa mizizi inayotoka kwenye shina. Kwa hiyo inataka vitu viwili: pa kupandia, na mizizi isiyolala majini.

Usianze na mbegu. Huota kirahisi, lakini unaweza kungoja tunda miaka mitano au zaidi, na wewe utakuwa ulishahitimu zamani. Omba kipande cha shina cha sentimita 30 hivi. Kiweke kivulini kama wiki moja mpaka penye jeraha pakauke, la sivyo kitaoza. Upande uliokuwa chini kwenye mmea mama ndio unaoingia udongoni.

Ndoo ya lita 20 inatosha, hata kama ina ufa. Itoboe chini, changanya udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri, kisha simamisha nguzo imara ya mita moja na nusu. Funga shina kwa kitambaa, ukate machipukizi ya pembeni. Likifika juu, kata ncha. Matawi yatakayotoka yaache yaning'inie, maana hayo ndiyo yatakayochanua. Weka ndoo penye jua. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole: pakiwa pabichi, acha.

Mmea wa pili ulinichanulia baada ya mwaka na nusu, na hapo nikapata sapu nyingine. Ua la pitaya hufunguka usiku mmoja tu, na asubuhi linanyauka. Huko kwao popo na nondo ndio huhamisha chavua. Mimi nililala, ua likaanguka bila tunda. Tena aina nyingi, hasa zenye nyama nyekundu, hazikubali chavua yake yenyewe. Zinataka ya mmea wa aina nyingine.

Ua la pili lilifunguka usiku wa kuamkia mtihani. Jirani anayepanda aina nyingine naye lake lilikuwa wazi. Saa nne usiku tukabeba brashi ya poda ya dada yake, tukachukua ule unga wa njano, tukapaka kichwa kirefu cha katikati ya ua. Siku 40 baadaye ganda lilikuwa jekundu lote. Ungoje hivyo hivyo, kwa sababu likishachumwa haliongezi utamu.

Tunda moja, tulikula watatu: mimi, jirani na mama mwenye nyumba. Mtihani nao nilifaulu, ingawa nilisinzia ukurasa wa mwisho.

Mwezi ujao nahama. Ndoo inabaki kwa mama, mimi naondoka na kipande kimoja kilichofungwa gazetini. Safari hii sitakimwagilia wiki nzima.