Kosa la Mtoto ni Lipi?

Mtoto wa miezi minane analetwa wodini viganja na nyayo zimevimba, ngozi ya vidole imevutika mpaka inang'aa. Ziwa halitaki, kubebwa hataki, ukimgusa mkono anapiga ukelele. Wazazi mara nyingi wameshapita kwingine kabla ya kufika kwetu. Yuko aliyeambiwa mtoto kaumwa na mdudu, na yuko aliyeambiwa jirani ana mkono wake. Sisi tunatoa damu, na siku ya majibu tunawaita baba na mama pamoja, tunafunga mlango. Ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mwingine ni za mviringo na laini, kwa mtoto huyu zinajikunja kama mundu, zinakakamaa na kukwama kwenye mishipa midogo. Pale zilipokwama nyama na mfupa vinakosa hewa, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Yataondoka, kisha yatarudi, hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi.

Ni ndani ya chumba hicho nilikoulizwa swali ambalo kanisani sijawahi kumsikia mtu akiliuliza kwa sauti: "Sista, malaika huyu amemkosea Mungu nini?"

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Kanda ya Ziwa, na ni Mkatoliki. Naamini Mungu yupo na anatupenda. Naandika kwa sababu mengi ya majibu ninayoyasikia kando ya vitanda yanamwongezea mgonjwa maumivu, na yanamsingizia Mungu mambo ambayo vitabu vyetu vitakatifu vyenyewe vilishayakataa.

Linalotangulia siku zote ni la adhabu: kuna dhambi mahali fulani, kama si ya mama basi ya baba, kama si yao basi ya ukoo. Lakini katika Injili ya Yohana wanafunzi wanamwuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili. Katika Luka anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Ningetamani kila anayekuja kuona mgonjwa na mkungu wa ndizi aje pia amezisoma kurasa hizo mbili.

Halafu kuna Ayubu, ambaye huku kwetu amebaki kuwa mtu wa subira tu. Pwani ana utenzi wake mzima, na katika Kurani Nabii Ayubu anasifiwa kwa uvumilivu. Mimi nilipokuja kukisoma kitabu chake katika Biblia chote, sura 42, nilimkuta mtu mwingine. Subira iko mwanzoni. Kuanzia sura ya tatu analaani siku aliyozaliwa, anadai Mungu aje asimame naye kama mbele ya hakimu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifanya jambo jema moja: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua midomo wakaanza kumtetea Mungu. Haki ya Mungu haikosei, walisema, basi lazima kuna ulichofanya. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea, na kusema kwamba aliyenena sawasawa ni Ayubu, aliyemlalamikia. Sijui ni mahubiri mangapi yamepita juu ya Ayubu bila kuifikia sura hiyo ya mwisho.

Mwenzangu wa zamu za usiku ni Muislamu, na ndiye aliyenipa kisa ambacho sijaacha kukifikiria. Husimuliwa kwamba huko Basra, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanafunzi aliyeitwa al-Ash'ari alimwuliza mwalimu wake al-Jubba'i kuhusu ndugu watatu. Mmoja alikufa mtu mzima mwema, wa pili alikufa mtu mzima mwovu, wa tatu alikufa mtoto. Mwalimu akasema mwema yuko juu peponi, mwovu yuko motoni, mtoto amesalimika lakini hana daraja ya kaka yake. Mtoto akiuliza kwa nini hakuachwa akue apate daraja? Ataambiwa: nilijua ungekua ungekuwa mwovu. Basi, akasema mwanafunzi, yule wa motoni si atapiga kelele kwamba mbona mimi hukuniua mtoto? Mwalimu hakuwa na jibu, na inasemekana hapo ndipo mwanafunzi alipoachana naye. Tangu nisikie kisa hicho, kila ninapomsikia mtu akimwambia mama aliyefiwa kwamba Mungu alimchukua mtoto kumwepusha na mabaya ya dunia, namkumbuka yule ndugu wa motoni.

Wapo wanaosema mateso ni shule. Wazo hilo ni la zamani, lipo kwa Mtakatifu Irenei wa Lyon katika karne ya pili, na mwaka 1966 Mwingereza John Hick alilirudisha kwa nguvu: dunia hii ni mahali pa kukuzia roho, na roho haikui pasipo shida. Sitalibeza. Nina vijana waliokulia kliniki yetu ambao kwa miaka 17 wana utu ambao watu wazima wengi hawajaufikia, na wao wenyewe wananiambia ugonjwa umewafundisha. Ila mtoto wa miezi minane anafundishwa nini? Na yule anayekufa kabla hajajua kusema, shule hiyo alimaliza lini? Mtakatifu Augustino naye alifundisha kwamba uovu hutokana na uhuru wa viumbe waliochagua vibaya. Hilo linaeleza vita, linaeleza na fedha za dawa zilizoliwa. Damu ya huyu mtoto haikuchaguliwa na mtu yeyote.

Mwaka 1710 Mjerumani Leibniz aliandika kwamba kati ya dunia zote ambazo Mungu angeweza kuumba, hii ndiyo bora, na maovu tunayoyaona yana kazi yake katika mpango mzima. Miaka 45 baadaye, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliupiga mji wa Lisbon makanisa yakiwa yamejaa, bahari ikaja juu, moto ukamalizia. Voltaire wa Ufaransa hakumsamehe Leibniz tena. Ninamtaja Leibniz kwa sababu ugonjwa ninaouhudumia, kwa mtazamo wa kwanza, unampa haki.

Sikiliza jinsi ulivyo. Katika maagizo marefu mno yanayouongoza mwili kutengeneza himoglobini, yaani kile kibeba hewa cha damu, herufi moja imebadilika. Moja tu. Ukiirithi kutoka kwa mzazi mmoja, wewe ni mbebaji, na kwa kawaida utaishi bila kuugua. Ukiirithi kwa wote wawili, una selimundu. Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alirudi huko na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akapima damu za watu, akaona jambo la ajabu. Wabebaji walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini nyanda za juu walikuwa haba sana. Alijiuliza: kitu kinachoua watoto kimebakije miaka yote hii? Mwaka 1954 alichapisha jibu. Sehemu walizojaa wabebaji ndizo zenye malaria. Yule mwenye nakala moja ya herufi hiyo anakingwa na malaria kali, na tafiti za baadaye zimeonyesha kinga hiyo inafika karibu asilimia 90.

Kwa hiyo huku kwetu ziwani, ambako utafiti wa damu za watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji, wengi wetu tupo hai kwa sababu ya herufi hiyo. Inawezekana kabisa bibi yangu mzaa mama, aliyezika ndugu zake wadogo kwa homa yeye akabaki, aliibeba. Nilipofundishwa haya chuoni nilifarijika sana. Nikasema, kumbe haikuwa ukatili, ilikuwa ngao.

Basi nikaanza kuwaeleza wazazi. Mama mmoja wa Ukerewe alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto kamlaza mapajani na dripu mkononi, akaniuliza: "Kwa hiyo wangu ndiye anayelipa malaria ya wenzake?"

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Maelezo ya Allison ni ya kweli, na yanatuondolea uchawi na laana, jambo ambalo si dogo hata kidogo, kwa maana nimeona ndoa zikivunjika kwa baba kumwachia mama mzigo wa damu ambayo wote wawili wameichangia. Yanaonyesha pia kwamba dunia inakwenda kwa kanuni zisizobagua, na kanuni ile ile inayomponya mmoja inamwangusha mwingine. Lakini faida ya wengi haigeuki kuwa upendo kwa yule mmoja. Kama Mungu anapenda, lazima ampende huyu aliye mapajani, na wala si takwimu za kijiji.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kuliko yote: tunavyoliita kila kitu mapenzi ya Mungu. Tangu mwaka 1986 ilishathibitishwa Marekani kwamba penisilini ya kila siku inawaokoa watoto wadogo wenye selimundu na maambukizi ya ghafla. Haidroksiyurea, dawa inayoamsha tena ile himoglobini ambayo mtoto alikuwa nayo tumboni na ambayo ndiyo humlinda miezi yake ya mwanzo, iliidhinishwa huko kwa watu wazima mwaka 1998. Barani kwetu, utafiti mkubwa uliowahusisha watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulitoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, hata malaria ikapungua. Kati ya 1998 na 2019 ni watoto wangapi wa nchi hizi wamezikwa, na juu ya makaburi yao tukasema Mungu amependa? Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Palipo na dawa nayo haikumfikia mtoto, kusema Mungu amependa ni kumsingizia.

Ukitoa yote yanayozuilika, swali linabaki, dogo kuliko awali lakini gumu zaidi. Bado kuna usiku ambao dawa zote zimeshatolewa, morfini imeshanywewa, na mtoto bado anatetemeka kwa maumivu. Usiku kama huo nimeacha kueleza. Naomba kwa Zaburi ya 88, ambayo inalalamika tangu mstari wa kwanza na kuishia gizani bila shukrani yoyote, na Kanisa limeiacha ndani ya Biblia jinsi ilivyo. Yesu mwenyewe alikufa akiuliza kwa nini ameachwa. Kwangu mimi Mkristo hiyo ndiyo nguzo niliyoishika: kwamba Mungu hakulieleza teso kutoka nje, aliingia ndani yake. Najua kwamba mwenzangu wa zamu hakubaliani nami juu ya msalaba, na tumelizungumza mara nyingi kwa heshima. Tunakubaliana kwamba anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye.

Mwaka jana baba paroko alikubali niwe nakutana na wachumba kabla matangazo ya ndoa yao hayajasomwa, ili wapime. Walikuja wawili, wote wabebaji. Nikawapa hesabu: katika kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto kuugua, mbili kubeba kama ninyi, moja kutokuwa nayo kabisa, na mimba iliyotangulia haipunguzi hatari ya inayofuata. Binti akaniuliza, "Tukizaa mgonjwa ilhali tulijua, tutasema Mungu amependa?" Nikamwambia hapana. Mchumba wake akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini Mungu naye alijua."

Ndiyo, nikamjibu, alijua. Tukakaa na hilo muda mrefu. Niliwaambia ninavyofikiri: kila mzazi anamleta mtoto duniani akijua ataumia na siku moja atakufa, na hakuna anayemwita mzazi huyo katili, kwa kuwa amemleta ampende. Labda kuumba nako ni hivyo. Lakini mzazi anayeweza kuyaondoa maumivu ya mwanawe huyaondoa, na hapo mfano wangu unakatika; nikawaambia wazi unakatika. Yule kijana akasema afadhali nimekiri, maana angeondoka haniamini hata kwenye zile hesabu.

Wamefunga ndoa Januari. Tumekubaliana kwamba wakijaliwa mtoto, damu ya kisigino itachukuliwa kabla hajatoka wodi ya wazazi, na majibu yakiwa tofauti na tunavyoomba, penisilini ianze akiwa na miezi miwili.