Je, Wajua? Safari ya Wamakonde hadi Ikulu

Wamakonde wa Kwale, wachongaji vinyago hodari, asili yao ni Msumbiji. Wengi walifika Kenya enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hawakuhesabiwa kuwa raia. Watoto na wajukuu wao wakazaliwa papo hapo Kwale, bila uraia wa nchi yoyote.

Bila kitambulisho, hupigi kura wala hufungui akaunti benki. Hata laini ya simu huwezi kuisajili kwa jina lako: unaazima jina la jirani, na pesa zako za M-Pesa zinakaa mkononi mwake. Askari akikusimamisha njiani, huna cha kumwonyesha. Haya yalikuwa maisha ya kila siku ya watu wasio na kosa lolote, ingawa Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu usawa mbele ya sheria, awe raia au la.

Oktoba 2016 walichoka kungoja. Wazee kwa vijana waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Jamii nyingine zilizokosa uraia zilifuata: Washona mwaka 2020, na Wapemba wa pwani mwaka 2023.