Shukrani ya Punda

Walimu wenzangu huibeza michezo ya kompyuta. Mimi nasita. Katika Mass Effect, mchezo wa kampuni ya BioWare ya Kanada uliotolewa mwaka 2007, Wasalariani waliwapa Wakrogani wa sayari ya Tuchanka maarifa ya kuvuka anga ili wawapigane vita na Warakini. Ushindi ulipopatikana, Wakrogani walizaana na kunyakua sayari za wengine. Wasalariani wakabuni maradhi, Waturiani wakayaeneza; tangu hapo mimba chache mno za Wakrogani huleta watoto hai. Katika toleo la tatu, la mwaka 2012, mchezaji ndiye huamua: tiba itolewe au ihujumiwe? Nani, basi, aliyempiga mwenzake teke la punda? Tumuulize mwanafunzi swali hilo kabla ya kumnyang'anya mchezo.