Chupa ya Saa Sita, Maji ya Saa Tisa Usiku

Wiki hii naomba tuvuke Mto Pangani, tupite Bweni, tushike njia ya Mwera. Huko ng'ambo, Kikogwe, ndiko Mjerumani Richard Hindorf alikopandia miche 62 ya mkonge, iliyopona safari ya kutoka Florida, mwaka 1893. Kutoka hapo mkonge ukaenea Tanga nzima, na mifereji ya maji machafu ikaufuata.

Katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu. Yanayobaki ni maji na makapi yanayotoka kwenye korona. (Wafanyakazi wa mkonge waliiita mashine hiyo korona zamani sana, kabla ugonjwa haujaazima jina.) Maji yale yana asidi, tena yana sukari ya jani. Yakiingia kijitoni, vijidudu huila sukari hiyo, na katika kula kwao humaliza hewa iliyomo majini. Samaki hufa kwa kukosa pumzi.

Niliwahi kusimama kwenye mfereji wa kiwanda kimoja, jina naliacha, siku mkaguzi alipokuja na chupa yake. Ilikuwa saa sita mchana, korona imesimama, maji yanapita safi. Mama mmoja aliyekuwa akichota bondeni akaniambia, "Baba, njoo saa tisa usiku." Sikwenda. Asubuhi yake harufu ilinipokea kabla sijaufikia mfereji.

Kanuni za mwaka 2007 zinataka kipimo cha asidi cha maji yanayotoka kiwandani kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Ukishuka namba moja tu, ukali wa asidi huzidi mara kumi. Kuna na kipimo cha uchafu unaokula hewa, lakini hicho huchukua siku tano maabara. Siku tano! Jibu likitoka, maji yenyewe yamekwisha fika baharini.

Ndiyo maana siku hizi kuna mitambo inayopima yenyewe. Kijiti cha kupimia asidi hutumbukizwa mfereji­ni na kukaa humo usiku na mchana. Waya hupeleka namba kwenye kisanduku. Namba ikishuka chini ya 6.5, kisanduku huwasha pampu ya chokaa, au hufunga lango na kuyageuzia maji bwawani, kisha hutuma ujumbe kwa simu. Hakisubiri mkaguzi apate gari.

Lakini tusidanganyane. Maji ya mkonge yana utelezi. Kijiti kisiposafishwa hufanya utando, na kikishafanya utando husema mambo ni shwari. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukiosha na kukijaribu katika maji ambayo kipimo chake kinajulikana, naye alipwe kwa kazi hiyo.

Hale, wilayani Korogwe, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi, na gesi kuwa umeme, kilowati 150. Katika mtambo wa namna hiyo mwenye kiwanda huchunga asidi bila kusukumwa, maana ikizidi, vijidudu vya gesi hugoma na umeme hupungua. Kwenye mfereji hapotezi kitu. Anayepoteza yuko bondeni.

Basi ujumbe ule wa simu usiishie kwa meneja. Uende pia Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na kwa wanaochota. Yule mama simu anayo.